Jungu Kuu na Ukoko Wake: Uhakiki wa Miradi ya Kuwakutanisha Wanafunzi na Wazee ili Kupunguza Upweke

Ikisiri

Makala haya yanahakiki miradi mitatu inayotajwa mara kwa mara katika mijadala ya kupunguza upweke: nyumba ya wazee ya Humanitas mjini Deventer, Uholanzi, Speaking Exchange, uliowaunganisha wanafunzi wa Kiingereza wa São Paulo na wazee wa eneo la Chicago, na Benchi la Urafiki la Harare. Hoja kuu ni kwamba upweke wa mzee hautokani tu na kukosa watu wa kukaa nao, bali pia na kukosa mtu anayelihitaji neno lake. Kwa hiyo, mradi wa aina hii hauna budi kupimwa kwa swali moja: mwanafunzi anamwendea mzee akihitaji nini kutoka kwake? Makala yanahitimisha kwamba nchi zinazopanua ufundishaji wa Kiswahili, hususan Rwanda, Burundi na Uganda, zina fursa ya pekee ya kulijibu swali hilo. Hata hivyo, fursa hiyo itapotea endapo Kiswahili cha wazee kitachukuliwa kuwa kosa la kusahihishwa.

Utangulizi

Upweke umetoka katika kurasa za ushairi na kuingia katika nyaraka za serikali. Mnamo Januari 2018, Uingereza ilimteua waziri wa kwanza kukabidhiwa jukumu la kushughulikia upweke. Mnamo Novemba 2023, Shirika la Afya Duniani lilizindua tume ya kimataifa kuhusu mahusiano ya kijamii, ikiongozwa kwa pamoja na Vivek Murthy wa Marekani na Chido Mpemba wa Umoja wa Afrika. Ripoti ya tume hiyo ya mwaka 2025 inakadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani huathiriwa na upweke. Kabla ya hapo, Holt-Lunstad na wenzake (2010) walikuwa wamechanganua tafiti 148 zilizohusisha watu zaidi ya 300,000, wakabaini kuwa watu wenye mahusiano imara ya kijamii walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi uliozidi kwa asilimia 50 ule wa wenye mahusiano dhaifu.

Katika Afrika Mashariki, takwimu hizi hupokewa kwa shaka. Husemwa kwamba upweke ni maradhi ya wanaoishi katika vyumba vya ghorofani bila kuwajua majirani zao, na kwamba huku mzee huishi katikati ya wanawe na wajukuu. Kauli hiyo ina ukweli wake, lakini inapima upweke kwa idadi ya watu waliomo nyumbani. Mzee anaweza kukaa katika nyumba yenye watu kumi na siku ikapita bila yeyote kumwuliza jambo. Wajukuu wanarudi shuleni na lugha asiyoielewa, watoto wake wanazungumza na simu zao, naye anasalimiwa asubuhi, analetewa chakula mchana na kuagwa usiku. Hakukosa huduma wala watu. Alichokosa ni mazungumzo yasiyoweza kuendelea bila yeye.

Upweke, ukiwa na vitenzi vya sera

Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana. Upweke unatokana na hali ya kuwa mmoja, na mzizi wake unahesabu. Ukiwa unabeba maana ya kuachwa; hutumika kwa mtu na hata kwa mahali palipohamwa na watu. Mtu mpweke anaweza kuwa ameuchagua upweke wake, kama msomi aliyejifungia na vitabu vyake. Hakuna anayechagua ukiwa. Vipimo vya kimataifa, kikiwamo kile cha Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kilichoanza kutumika mwaka 1978, vinapotafsiriwa kwa kutumia neno upweke pekee, vina hatari ya kuhesabu watu walio karibu na mzee na kuikosa hali ya mzee aliyemo ndani ya umati lakini ameachwa.

Lugha ya miradi inazidisha tatizo hili. Vitenzi vinavyotawala katika maelezo ya shughuli za wanafunzi kwa wazee ni kutembelea, kusaidia, kuhudumia na kufariji. Katika kila kimoja, mwanafunzi ndiye kiima na mzee ni shamirisho. Mmoja anatenda, mwingine anatendewa. Sarufi ya Kiswahili ina njia nyingine ambayo sera hizi haziitumii: kauli ya kutendana. Katika kutembeleana, kusemezana, kufundishana na kutaniana, pande zote mbili ni watendaji. Kiambishi -an- hakikubali kuwapo kwa mpokeaji asiyetoa chochote.

Tofauti hii si ya kisarufi tu. Mwanafunzi aliyeandaliwa kwenda kufariji huingia akiwa tayari ameamua kwamba mbele yake yupo mtu mwenye huzuni. Atazungumza kwa sauti ya kubembeleza, atauliza kuhusu maumivu ya magoti, atapiga picha na kuondoka. Mzee naye hutambua mara moja kwamba amekuwa zoezi la huruma. Ziara ya namna hiyo inaweza kuujaza ukumbi kwa saa mbili na kuuacha ukiwa mahali pale pale. Miradi mitatu inayofuata inahakikiwa kwa kuzingatia kigezo hiki cha kutendana.

Deventer: jirani kwa mkataba

Mradi wa Humanitas ulianza katika kipindi ambacho Uholanzi ilikuwa ikipunguza fedha za matunzo ya wazee katika makazi maalumu, huku wanafunzi wakilalamikia uhaba na ghali ya vyumba. Mkurugenzi wa nyumba hiyo, Gea Sijpkes, aliyaunganisha matatizo hayo mawili. Wanafunzi wachache, waliofikia sita, walipewa vyumba bila kodi miongoni mwa wazee wapatao 160. Kwa upande wao, kila mmoja alitakiwa kutoa saa 30 kwa mwezi za kuwa jirani mwema. Hawakupewa kazi ya uuguzi. Walikula na wazee, walisherehekea nao siku za kuzaliwa, na waliwafundisha kutumia kompyuta na mitandao.

Nguvu ya mradi huu imo katika neno jirani. Jirani hafanyi ziara, anaishi. Mzee anamsikia akirudi usiku, anaona anaamka akiwa na usingizi siku ya mtihani, anajua ana mgeni. Sijpkes ameeleza kuwa wanafunzi huuleta ulimwengu wa nje ndani ya nyumba. Maelezo hayo yanaweza kusogezwa mbele zaidi: wanafunzi huwapa wazee jambo la kusimulia ambalo si ugonjwa. Mzee anayejua kwamba kijana wa chumba cha pili amegombana na mchumba wake ana habari, na mwenye habari ana la kusema mezani.

Hata hivyo, mkataba wenyewe una upungufu. Pande mbili zilizotia saini ni taasisi na mwanafunzi, na mzee si mshirika wa mkataba. Anachohitaji mwanafunzi ni chumba, na chumba hakimo mikononi mwa mzee. Saa 30 ni kodi iliyobadilishwa kuwa muda. Kama uhusiano umezidi hesabu hiyo, na taarifa nyingi zinaonyesha kuwa ulizidi, basi ulizidi kwa sababu ya kuishi pamoja na si kwa sababu ya muundo wa mradi. Wanaotaka kuuiga wakachukua saa na kuacha makazi, yaani wakawataka wanafunzi waende saa kadhaa kwa mwezi kisha warudi mabwenini, watakuwa wamechukua mkataba na kuuacha ujirani.

São Paulo na Chicago: mwenye lugha na mwenye haja

Speaking Exchange ulizinduliwa mwaka 2014 na shule za lugha za CNA za Brazili zikishirikiana na kampuni ya matangazo ya FCB Brasil. Wanafunzi wa Kiingereza wa tawi la Liberdade, São Paulo, waliunganishwa kwa njia ya video na wakazi wa makazi ya wazee ya Windsor Park katika eneo la Chicago. Mazungumzo yalirekodiwa na kuwekwa mtandaoni kwa faragha ili walimu waweze kutathmini maendeleo ya wanafunzi. Filamu fupi ya kuutangaza mradi ilisambaa sana duniani.

Kwa mtafiti wa lugha, huu ndio mradi wa kuvutia zaidi kati ya yote mitatu. Wanafunzi hawakwenda kufariji mtu. Walikuwa na haja ya kweli: sarufi waliipata darasani, lakini walimkosa mtu wa kuzungumza naye. Wazee walikuwa na kile hasa kilichohitajika, na zaidi ya hapo walikuwa na muda, kitu ambacho wasemaji wengine wa Kiingereza hawakuwa nacho. Mzee hakuhitaji kozi ya ualimu wala vifaa. Kule kuongea kwake tu kulikuwa msaada. Kijana alipokwama kwenye neno, mzee alimwokoa. Uzee, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa upungufu, hapa uligeuka sifa: mwendo wa taratibu wa usemi, uvumilivu wa kurudia, na masimulizi yasiyokwisha.

Filamu yenyewe, hata hivyo, inahitaji kusomwa kwa jicho la mhakiki. Ni tangazo la biashara, na imehaririwa kama tangazo. Nyuso zinatabasamu, picha za zamani zinaonyeshwa, na mtazamaji anaguswa moyo ndani ya dakika chache. Kilichoachwa nje ni kile ambacho kila aliyewahi kukaa na mzee anakijua: kimya kirefu, kisa kinachorudiwa mara ya nne, siku ambayo mzee hataki kuongea na mtu. Zaidi ya hayo, filamu haimwonyeshi mtazamaji kinachotokea muhula unapokwisha. Mwanafunzi akifaulu mtihani, haja yake imekwisha. Mzee aliyezoea kusubiri uso wa kijana kwenye skrini kila wiki anabaki na skrini tupu. Mradi wa kupunguza upweke usiopanga jinsi ya kuagana unaweza kumwongezea mzee msiba mwingine juu ya mingi aliyokwisha kuipata.

Upungufu mkubwa zaidi umo katika tathmini. Walimu walisikiliza mazungumzo ili kupima Kiingereza cha mwanafunzi. Alichokisema mzee hakikuwa na alama. Angeweza kusimulia vita, ndoa au kifo cha mtoto, na kwa mizani ya darasa yote yangekuwa mazoezi ya wakati uliopita. Thamani ya mzee ilitokana na lugha yake kuwa na soko. Kiingereza cha Chicago kina wanunuzi duniani kote. Swali ambalo mradi haukulazimika kulijibu ni hili: mzee ambaye lugha yake haina soko, au ambaye usemi wake shule inauita mbovu, atatafutwa na nani?

Harare: benchi la kupeana

Benchi la Urafiki la Zimbabwe si mradi wa wanafunzi, na linaingizwa hapa kwa sababu linageuza mwelekeo wa huruma. Mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kufanya kazi na bibi 14 wa kitongoji cha Mbare, ambao tayari walikuwa wahudumu wa afya ya jamii. Bibi hao walifunzwa njia rahisi ya kumsaidia mtu kulikabili tatizo lake, kisha wakakaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Utafiti wa Chibanda na wenzake (2016), uliohusisha watu 573 katika zahanati 24 za Harare, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Jina la mradi lina somo kwa wanaisimu. Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili, na watu walilikwepa. Bibi wenyewe ndio walioshauri jina libadilishwe. Kwa Kishona likaitwa Chigaro Chekupanamazano, yaani kiti cha kupeana mawazo. Ndani ya jina hilo kimo kiambishi kile kile cha kutendana ambacho Kishona na Kiswahili wanakirithi kwa pamoja. Bibi pia walikataa istilahi ya sonona na kutumia neno lao, kufungisisa, linalomaanisha kuwaza kupita kiasi. Anayekwenda kwenye benchi haendi kutibiwa na bibi, wala bibi haendi kufarijiwa na kijana. Wanakutana mahali ambapo jina lake tayari limesema kwamba wote wawili wana la kutoa.

Pamoja na hayo, benchi hili halipaswi kutumiwa kama ushahidi kwamba busara ya wazee inajitosheleza. Methali inasema jungu kuu halikosi ukoko, na hotuba nyingi kuhusu wazee huishia hapo. Ukoko hauchomoki wenyewe, na methali haimtaji anayekwangua. Bibi wa Harare walifunzwa, walisimamiwa na waliingizwa katika mfumo wa zahanati. Heshima waliyopewa ilikuwa na bajeti.

Kiswahili cha wazee katika nchi jirani

Mafunzo haya yanagusa moja kwa moja hali ya Kiswahili nje ya kitovu chake cha pwani. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Nchini Uganda, Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua hiyo Julai 2022. Shule na vyuo vinatafuta walimu, vitabu na, juu ya yote, mazingira ya kuizungumza lugha. Mwanafunzi wa Kigali au Kampala anaweza kufaulu ngeli zote na bado asiwe na mtu wa kumwambia habari za asubuhi. Haja yake inafanana na ile ya mwanafunzi wa São Paulo.

Wazee wanaoweza kuitimiza haja hiyo wapo karibu. Biryogo katika Nyamirambo, Kigali, na Buyenzi mjini Bujumbura ni mitaa ambayo Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani, ya soko na ya msikiti kwa vizazi kadhaa. Bombo, kaskazini mwa Kampala, kuna jamii ya Wanubi yenye historia ndefu katika jeshi la King's African Rifles, ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya amri. Katika mitaa hii wamo wazee ambao kwa miongo kadhaa Kiswahili chao kilikuwa sababu ya kuitwa wageni, watu wa mjini, au, kwa upande wa Uganda, watu wa askari. Sasa lugha hiyo hiyo inapandishwa hadhi na serikali, lakini inafundishwa kwa kitabu kilichochapishwa kwingine, na wao hawaulizwi.

Hapa ndipo upungufu wa Speaking Exchange unapogeuka hatari. Mzee wa Chicago alikuwa kipimo cha usahihi. Mzee wa Buyenzi atasema niko na watoto wawili pale ambapo kitabu kinataka nina watoto wawili. Atachanganya upatanisho wa ngeli, ataingiza neno la Kirundi au la Kifaransa, na mwanafunzi aliyefundishwa Kiswahili sanifu ataanza kumsahihisha kimoyomoyo. Iwapo mwalimu atasikiliza rekodi akiwa na kalamu nyekundu, mzee atakuwa ameitwa kusema ili athibitishwe kuwa hajui kusema. Mradi uliokusudiwa kumwondolea ukiwa utakuwa umemnyang'anya neno la mwisho alilobaki nalo.

Suluhisho si kukiacha Kiswahili sanifu. Mwanafunzi anakihitaji kwa mtihani, ajira na mawasiliano ya kikanda. Suluhisho ni kubadilisha kinachopewa alama. Badala ya kupima ni mara ngapi usemi wa mwanafunzi umelingana na kitabu, kazi inaweza kumtaka akusanye maneno ya mzee na maana zake, aandike kisa kimoja cha mtaa, aeleze tofauti kati ya usemi wa mzee na usanifu bila kuuita mmoja makosa, kisha arudi kumsomea mzee alichoandika ili asahihishwe. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Inamfanya mzee kuwa mhariri, na inamlazimu mwanafunzi kurudi.

Utamaduni wa eneo hili tayari una kielelezo cha uhusiano huo. Katika jamii nyingi za Kibantu, babu na bibi hutaniana na wajukuu zao: bibi humwita mjukuu wa kiume mume wake, na mjukuu hujibu kwa kulalamikia upishi wa mkewe mzee. Utani huo huruhusu ukaribu ambao heshima kati ya mzazi na mtoto hairuhusu. Mwanafunzi anayeanza na shikamoo na kuishia hapo amempa mzee heshima, lakini pia amemweka mbali. Mzee anayeanza kumtania mwanafunzi ametoa ishara kwamba ziara imekwisha na uhusiano umeanza. Mradi wenye ratiba ya saa moja kwa mwezi hauwezi kuufikia utani.

Watafiti wa lugha nao hawako nje ya lawama hii. Desturi ya utafiti wa nyanjani imewazoesha wazee wengi kumwona msomi akija na kinasa sauti, akichukua methali na nyimbo, akaondoka na kutorudi. Kumtuma mwanafunzi afanye vivyo hivyo kwa jina la kupunguza upweke ni kuupa uchukuaji huo jina zuri zaidi.

Hitimisho na mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kwamba Deventer ilifanikiwa kwa ujirani kuliko kwa mkataba, Speaking Exchange kwa haja ya kweli kuliko kwa teknolojia, na Harare kwa kuwapa wazee kazi inayotambulika. Washauri wa sera wanaofikiria miradi ya aina hii wanapendekezewa mambo manne. Kwanza, kila mradi utaje waziwazi kile ambacho mwanafunzi anakihitaji na ambacho ni mzee tu anayeweza kukitoa; usipoweza kukitaja, ni ziara ya hisani na uitwe hivyo. Pili, muda wa uhusiano usifungwe na muhula, na namna ya kuagana ipangwe tangu mwanzo pamoja na mzee. Tatu, mzee awe mshirika wa makubaliano, mwenye haki ya kukataa, ya kusikiliza rekodi zake na ya kutambuliwa kwa jina lake apendapo. Nauli na muda wake viwekewe fedha. Nne, vyombo vya Kiswahili vya kikanda, ikiwamo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, vitoe mwongozo wa kutathmini kazi za wanafunzi zinazotokana na lahaja na Kiswahili cha mitaani, ili mwalimu asilazimike kuchagua kati ya alama za mwanafunzi na heshima ya mzee.

Ikumbukwe pia kuwa ripoti ya 2025 ya Shirika la Afya Duniani inawataja vijana miongoni mwa wanaoathiriwa zaidi na upweke. Mwanafunzi aliyetoka mkoani na kupanga chumba Nyamirambo huenda ana ukiwa kuliko bibi wa nyumba ya pili. Sera inayomwona yeye kama mfariji na bibi kama mfarijiwa imewakosea wote wawili. Bibi huyo hahitaji kuulizwa kama ana upweke. Aulizwe neno fulani lilikuwa na maana gani mtaani zamani, na kijana akae mpaka jibu liishe.